Tuligombania Somo, Tukalisahau Bweni

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wana jamaa zao Marekani, na asiye na jamaa huko ana jirani aliye naye. Kwa hivyo naona si vibaya leo nikitoa kisa cha nyumbani kwangu, ingawa ndani yake mna aibu yangu mwenyewe. Huenda kikamfaa mzazi ambaye mwanawe yumo njiani kwenda chuo kikuu huko, au babu aliye hapa Mombasa ambaye kila jioni hupigiwa simu akatakiwa shauri juu ya mambo asiyoyajua.

Mtoto wa marehemu kaka yangu yuko katika jimbo la Ohio kwa miaka zaidi ya ishirini sasa. Binti yake wa kwanza amezaliwa huko huko, na mwaka wa 2024 alimaliza sekondari akapata nafasi katika chuo kikuu kimoja cha umma. Jina la chuo nitaliacha, maana hakina kosa katika haya. Binti huyu tangu utotoni alikuwa akisema kuwa atakuwa daktari, nasi huku Mji wa Kale tukamwita Daktari kabla hajang'oka meno ya utoto, na jina hilo tukalitia katika dua zetu.

Tangu Machi hadi Agosti simu hazikukatika. Hoja zilikuwa mbili. Ya kwanza, asome nini? Baba yake alitaka baiolojia, mama yake alitaka kemia, na shangazi mmoja wa Malindi, ambaye hakuulizwa, alitaka famasia. Binti mwenyewe alisema kwa sauti ya chini kwamba apenda historia. Juu ya hilo tulikesha. Ya pili, akae wapi? Hilo tulilimaliza kwa dakika kumi. Chuo kilitaka wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakae mabwenini, na binti aliomba ghorofa moja ya wanawake watupu, ambako wanafunzi wapya wa sayansi hukaa wawili wawili katika chumba na kusoma pamoja. Baba yake akaniuliza, "Ami, wewe waonaje?" Nami nikajibu upesi, kama mtu aliyeulizwa bei ya ndizi, kwamba binti wa Kiislamu ana sala zake na stara yake, basi apewe chumba cha peke yake, hata kama ni cha bei zaidi. Neno langu likapita.

Mwezi wa Oktoba, nikiwa nimetoka msikitini baada ya isha, simu ikalia. Kwao ilikuwa ni adhuhuri.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imekuwa nyembamba hivyo?"

"Babu, usimwambie baba. Nimepata 48 katika 100, mtihani wa kemia."

Nikamwambia mtihani mmoja si kiyama. Nikamuuliza darasani wako wangapi, akasema yapata mia tatu, na mwalimu hamjui hata mmoja kwa jina. Nikamuuliza, "Wasoma na nani?" Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Nasoma peke yangu chumbani, babu. Si ndivyo mlivyotaka?"

Usiku ule sikulala vizuri. Kutoka siku hiyo nilianza kusoma na kuuliza juu ya mambo ya vyuo vya Marekani, jambo ambalo ilinipasa kulifanya kabla sijatoa shauri. Haya ndiyo niliyoyapata.

Njia ya udaktari huko

Kwetu Kenya, kijana aliyefaulu vizuri kidato cha nne huchaguliwa kusomea udaktari moja kwa moja. Husoma miaka mitano au sita, kisha hufanya mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Marekani si hivyo. Isipokuwa katika vyuo vichache, hakuna aingiaye udaktari kutoka sekondari. Mtu husoma kwanza shahada ya miaka minne, kisha hufanya mtihani uitwao MCAT, kisha huomba nafasi chuo cha udaktari, ambacho nacho ni miaka minne. Baada ya hapo kuna mafunzo ya hospitalini ya miaka mitatu hadi saba au zaidi, kwa kadiri ya fani yake. Aingiaye chuoni ana miaka kumi na minane basi atatibu kwa uhuru wake akiwa amekaribia thelathini au amepita.

Utaratibu huu una historia yake. Katika karne ya kumi na tisa vyuo vingi vya udaktari huko vilikuwa maduka tu. Mwenye fedha aliingia na baada ya muda mfupi akatoka na cheti. Chuo cha Johns Hopkins kilipofunguliwa mwaka wa 1893 kilisema hakimpokei asiye na shahada. Mwaka wa 1910 Abraham Flexner akatoa ripoti yake baada ya kuvikagua vyuo 155 vya Marekani na Kanada, na vingi vilivyokuwa dhaifu vikafungwa. Mageuzi hayo yaliinua tiba, lakini yalikuwa na makali yake. Katika vyuo saba vya watu weusi vilivyokuwapo, vilivyosalia ni viwili tu, Howard na Meharry. Mlango uliwekwa kizingiti kirefu, na mwenye miguu mifupi akabaki nje.

Kizingiti hicho kipo mpaka leo. Katika mwaka wa masomo wa 2023-24 walioomba nafasi za udaktari walipita 52,000, na walioingia ni kama 23,000. Mwezi wa Juni 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ilivikataza vyuo kutazama rangi ya mtu katika kuchagua wanafunzi, na mwaka uliofuata weusi walioingia udaktari kwa mara ya kwanza walipungua kwa zaidi ya asilimia 11. Haya binti yetu hawezi kuyabadilisha. Tutazame yale aliyo nayo mkononi.

Somo lina subira

Kumbe lile tulilokesha tukigombania halikuwa na haraka. Vyuo vingi vya Marekani havimlazimishi mwanafunzi kutaja somo lake kuu mpaka mwisho wa mwaka wa pili. Wala vyuo vya udaktari havitaki somo kuu maalumu. Vinavyotaka ni kozi fulani: baiolojia, kemia ya kawaida na kemia ogania, fizikia, hesabu, biokemia, na uandishi. Tangu mwaka wa 2015 mtihani wa MCAT una sehemu ya saikolojia na sosholojia pia. Mtu akizimaliza kozi hizo vizuri, shahada yake yaweza kuwa ya historia, ya muziki au ya lugha, na mlango usifungwe kwa sababu hiyo.

Ni kweli kwamba zaidi ya nusu ya waombaji ni watu wa baiolojia. Lakini hesabu za muungano wa vyuo vya udaktari zaonyesha kwamba wale wachache waliosoma fasihi, historia na falsafa hukubaliwa kwa kiwango kisichopungua cha wenzao wa baiolojia. Sisemi kwamba historia yamfanya mtu daktari. Nasema kwamba aliyelipenda somo lake hulisoma vizuri, na akilisoma vizuri alama zake hupanda. Shangazi wa Malindi angelijua haya tungelala mapema.

Lakini lipo jambo moja ambalo halisubiri. Alama za mwaka wa kwanza haziondoki. Muombaji wa udaktari huorodhesha kila kozi aliyosoma, hata ile aliyoirudia, na ile alama ya kwanza huhesabiwa pamoja na ya pili. Kwa hivyo muhula wa kwanza, ambao mtoto ni mgeni, hajui maktaba iko wapi wala mwalimu huonekana saa ngapi, ndio uandikwao kwa wino usiofutika. Na katika muhula huo, kitu kinachomshika au kumwangusha ni nini? Hapa ndipo niliposoma habari iliyonirudisha katika ukumbi wa chuo changu cha utotoni.

Bweni halina subira

Katika miaka ya sabini, kijana mmoja aitwaye Uri Treisman alikuwa akisomea hesabu katika chuo kikuu cha California, pale Berkeley. Aliona kwamba wanafunzi weusi walikuwa wakianguka sana katika hesabu za mwaka wa kwanza, ilhali wale wenye asili ya Kichina wakifaulu. Walimu wakitoa sababu zao: hawana hamu, hawakuandaliwa, wazazi hawajali. Treisman akaamua kuwafuata wanafunzi ishirini wa huku na ishirini wa huku mpaka wanakokaa, awaone wanavyosoma. Akakuta sababu zile zote si kweli. Vijana weusi walikuwa na bidii, na wazazi wao walijinyima mengi. Tofauti ilikuwa ni hii: wale wa Kichina walisoma, kisha wakakutana wakala pamoja, wakasahihishana, wakaulizana mwalimu huyu atakaje. Wale weusi walisoma kila mtu peke yake chumbani. Urafiki wao waliuweka mahali pengine na masomo mahali pengine. Mtu akianguka hakujua kama kosa ni lake au swali lilikuwa gumu kwa wote.

Niliposoma hayo nilimkumbuka binti yetu na chumba chake nilichomchagulia mimi.

Treisman alianzisha vikundi, akawapa maswali magumu wayatatue pamoja, na matokeo yakageuka. Mwaka wa 1988 chuo kikuu kimoja cha umma karibu na Baltimore, kinachoitwa UMBC, kilianzisha mpango wa Meyerhoff kwa ajili ya vijana weusi wa sayansi, na baadaye ukafunguliwa kwa wote. Kabla ya mwaka wa kwanza huletwa chuoni kwa wiki sita. Kisha mwaka wa kwanza wote hukaa katika bweni moja. Waliofaulu hawaachwi wakaenda zao. Hukalishwa na waliokwama. Katika mpango huo ametoka Kizzmekia Corbett, ambaye alikuwa miongoni mwa walioongoza utafiti wa chanjo ya korona ya Moderna, na ametoka Jerome Adams, aliyekuwa daktari mkuu wa serikali ya Marekani tangu 2017 hadi 2021. Na kwa faida ya wale wanaogombania somo, Corbett alisoma baiolojia pamoja na sosholojia, na Adams biokemia pamoja na saikolojia.

Sasa nauliza, ni lipi katika hayo ambalo sisi tuliosoma chuoni hatulijui? Mimi nilifundishwa Qurani pamoja na watoto arubaini juu ya jamvi moja. Mwalimu alikuwa mmoja, na hakuweza kumsikiliza kila mtu. Aliyekwisha pita juzuu ya amma alimsikiliza aliye katika alifu na be, na aliyekaribia kuhitimu alimsikiliza yule. Ukikosea, mwenzio alikurudi kabla fimbo haijafika. Hakuna aliyehifadhi peke yake chumbani. Sauti za wenzako ndizo zilizokuchukua, hata ukichoka ulijikuta ukisoma. Kidole kimoja hakivunji chawa, nasi tuliusema msemo huo kila siku. Lakini shauri lilipotakiwa kwangu, niliyapeleka mafunzo ya ubao kando nikaona stara tu, kana kwamba stara haiwezi kukaa penye wenzi.

Wala sisemi stara ni jambo dogo. Mzazi ana haki ya kuuliza. Mabweni ya huko si ya namna moja. Yapo ambayo wanaume na wanawake hukaa ghorofa moja, yapo ya ghorofa mbalimbali, na vyuo vingi vina nyumba au ghorofa za wanawake peke yao. Kabla ya kuingia, mwanafunzi hujaza karatasi: alala saa ngapi, avuta sigara, ataka mwenzi wa namna gani. Aweza kuandika kwamba asali, na kwamba hataki wageni wa kiume chumbani. Karatasi hizo hujazwa miezi kabla ya masomo, na aliyechelewa hupewa kilichobaki. Tungalitumia usiku mmoja tu kuzisoma, katika zile tulizokesha, binti angalipata stara na wenzi pamoja.

Mkopo na sheria mpya

Kabla sijaendelea na binti, niseme neno juu ya fedha, maana hapa ndipo mambo yalipogeuka hivi karibuni.

Miaka minne ya udaktari Marekani, pamoja na chakula na malazi, hupita dola robo milioni hata katika vyuo vya umma, na vya binafsi hupindukia 350,000. Wengi hukopa, na mwenye deni aghlabu hutoka na kama dola 200,000 shingoni. Zamani serikali ilimkopesha mwanafunzi huyo mpaka kiasi chote cha gharama. Sheria iliyotiwa sahihi Julai 4, 2025 imeufunga mlango huo kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026. Mwanafunzi wa udaktari ana kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka, na 200,000 kwa jumla. Pengo litakalobaki alijazie baba mwenye mali, au mabenki.

Na mikopo hiyo yote ina riba. Kwa mwaka wa masomo wa 2025-26 ile ya serikali kwa wanafunzi wa udaktari ni karibu asilimia 8. Hukumu yake kwa mwenye dharura wako masheikh wa kuulizwa, nami si mmoja wao. Ninalolijua ni kwamba baba asiyetaka mwanawe aingie humo hana budi kuanza kutafuta mapema, si siku ya kulipa. Chuo kikuu cha New York kiliondoa ada ya udaktari kwa wote mwaka wa 2018. Chuo cha Albert Einstein, Bronx, kikafuata mwaka wa 2024 baada ya Ruth Gottesman kutoa dola bilioni moja. Johns Hopkins mwaka huo huo kikaiondoa kwa walio na jamaa wenye pato la chini ya dola 300,000. Milango hiyo ni michache na inasongwa sana. Lakini ipo, na aiendeaye huiendea kwa alama zile zile za mwaka wa kwanza.

Na kwa mzazi aliye hapa Pwani anayetaka kumpeleka mwanawe huko kwa viza ili awe daktari, namnasihi afikiri mara mbili. Shahada ya kwanza ataipata akiwa na fedha. Lakini vyuo vya udaktari vinavyompokea asiye raia wala mkaazi ni vichache sana, na mkopo wa serikali hapewi. Kijana wetu aliyepata nafasi ya udaktari hapa nchini ana njia fupi zaidi, na akitaka kwenda mbele baadaye, mitihani ya Marekani yaweza kufanywa na daktari aliyesomea nje.

Lugha aliyotaka kuiacha

Turudi kwa binti. Nilimpigia baba yake nikamwambia, "Mwanangu, shauri nililokupa lilikuwa baya. Mimi ndiye niliyekosea, usimlaumu mtoto." Alikasirika kidogo, kisha akauliza lifanywe nini. Januari 2025 binti akahamia ghorofa ile ya wanawake aliyoitaka mwanzo. Mwenzi wake wa chumba ni binti wa mkulima, Mkristo, ambaye hupunguza muziki wake aonapo msala umetandikwa. Jioni huketi sita au saba wakavunja maswali ya kemia. Ramadhani ilipoingia mwezi wa Machi, wawili katika hao walifuturu naye mara nyingi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu ya sambusa.

Alama ya kemia ya muhula wa kwanza ilikuwa C, nayo imebaki pale pale. Ya muhula wa pili ilikuwa B. Sitaki kuyatia chumvi: bado ana mlima mbele yake.

Lakini neno lililonifurahisha zaidi si alama. Wenzake wa bwenini ndio waliomwambia kwamba hospitali ya mji ule yataka vijana wa kujitolea, jambo ambalo vyuo vya udaktari hulitazama sana, na ambalo katika chumba chake cha kwanza hakulisikia. Akaenda. Siku moja akamkuta bibi mmoja mkimbizi kutoka Bukavu ameketi katika chumba cha kungojea, hajui Kiingereza, na mashine ya tafsiri imemchosha. Kabla mpango wa wakimbizi haujasimamishwa Januari 2025, Wakongo walikuwa miongoni mwa wengi kabisa waliopokelewa Marekani, na wengi wao wasema Kiswahili. Binti akasema, "Shikamoo, bibi." Yule bibi akainua uso. Kiswahili chake si chetu. Husema kichwa "inaniuma". Lakini walielewana, na binti akaketi naye mpaka mkalimani alipopatikana kwa simu.

Sheria ya huko yataka hospitali zinazopokea fedha za serikali zimpe mgonjwa mkalimani aliyefunzwa, wala si kila ajuaye lugha aruhusiwa kutafsiri maneno ya daktari. Binti aliambiwa hivyo na wakubwa wake, kwa upole. Basi akajiandikisha katika mafunzo ya ukalimani ya saa arubaini, na kila juma hunipigia kuniuliza: babu, kibofu ni nini, nyongo ni nini, kizunguzungu na kisunzi vina tofauti gani? Huyu ni mtoto ambaye akiwa na miaka kumi na miwili alikataa kujibu salamu kwa Kiswahili.

Mwaka wa pili akaandikisha somo lake kuu, historia, huku akiendelea na kozi za udaktari. Baba yake alinyamaza siku tatu. Siku ya nne akanipigia. "Ami, wewe waonaje?" Safari hii sikujibu upesi. Nikamuuliza, "Anasoma na nani?" Akanitajia majina matano, moja baada ya moja, nami nikamwambia amwache asome.

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa mashairi, beti moja hii nimempelekea mjukuu wangu, na kila mwana aliye katika chumba kigeni usiku wa leo:

Elimu ni kama maji, hunywewa kuchoteana,
Asokuwa na kipaji, hupata kwa kufunzana,
Upweke hauna taji, hata wa mwerevu sana,
Ukenda mbali na mji, tafuta wa kufaana.